Siku mwanangu ‘alipouawa’ Wakaliga

ILIKUWA Jumamosi ya Januari 2018, shule zikiwa zimefungwa, nilipoamua kuwatoa watoto nyumbani. Mwanangu, wakati huo akiwa na miaka kumi, alikuwa ameona kwenye televisheni bustani za Ulaya ambako watu huvaa miwani na kukaa kwenye viti vinavyotikisika, huku picha zikiwarukia usoni. Akataka nimpeleke. Ufaransa wanayo moja, Futuroscope, iliyofunguliwa mwaka 1987. Nikamwambia kwamba kwa mshahara wa mwalimu, Ufaransa yetu iko Wakaliga.

Wakaliga ni mtaa wa watu wa kipato kidogo hapa Kampala, upande wa Natete. Tulikwenda watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kutoka Arua kutibiwa macho.

Huko ndiko Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana IGG, alikoanzisha Ramon Film Productions, jina alilolitoa kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Zamani alifyatua matofali. Filamu yake ya mwaka 2010, ‘Who Killed Captain Alex?’, inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani, lakini ilitazamwa dunia nzima kupitia intaneti. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, ‘Crazy World’, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada, na mwaka 2022 kundi lake lilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta, Kassel, Ujerumani.

Kitambaa cha kijani

Msomaji asidhani tulikuta majumba ya vioo. Tulikuta ua wa udongo, kuku, watoto wa jirani na kitambaa cha kijani kilichotundikwa ukutani. Kazi yake ni hii: mtu huigiza mbele ya kitambaa, kisha kompyuta huamriwa kufuta kila kilicho kijani na kuweka picha nyingine mahali pake, iwe ghorofa linaloungua au helikopta angani. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la kijani. Vijana wakamweka kando huku wakicheka, wakisema angebaki kichwa kinachoelea.

Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu. Damu ni maji yenye rangi nyekundu ya chakula, yanayojazwa ndani ya kondomu na kufichwa chini ya shati. Hapo mke wangu alikohoa na kuwageuza watoto watazame kuku.

Wageni wengi waliofika Wakaliga walipenda kurekodiwa ‘wakiuawa’, na mwanangu naye akaomba. Wakamfunga kifurushi chake cha damu, wakamfundisha kuanguka. Kijana mmoja akainua bunduki, mwingine akapiga kelele za risasi kwa mdomo. Mtoto akaanguka, kifua chote chekundu.

Mama akainuka kwenye kiti. Hakupiga kelele. Alitembea moja kwa moja hadi mbele ya kamera, akapiga magoti, akamshika mtoto kichwa.

Vijana walinyamaza. Mimi peke yangu ndiye niliyejua alichokiona. Oktoba 1980, majeshi yalipoingia West Nile, mama alinibeba mgongoni nikiwa na mwaka mmoja, akavuka hadi Zaire, Kongo ya leo. Nilianza shule Aru, upande wa pili wa mpaka, na sekondari nikaimalizia Kenya kwa mjomba. Watu wengi hawakufika huko mpakani. Habari hizo hakuwahi kunisimulia. Nilizisikia kwa wengine.

Mwanangu alifumbua macho akacheka. “Bibi, ni rangi tu!” Kijana wa bunduki akaja taratibu, akaipiga magoti akimwita “Jjajja,” akampa silaha yake kwa mikono miwili. Mama akaigonga kwa kucha. “Kumbe ni bomba la maji,” alisema. Akaishika muda mrefu, kisha akairudisha.

Anayesimulia

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanazijua diski za filamu zenye sauti ya msimulizi. Kampala huitwa vijei; Kenya kuna DJ Afro, na Tanzania alivuma Lufufu. Filamu inapigana, yeye anatafsiri, anatania, anawatoa watazamaji hofu. ‘Captain Alex’ imejulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Nabwana mwenyewe ameeleza kwamba utotoni, enzi za Amin, hakwenda sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, na akirudi humsimulia. Kwa hiyo filamu zake za kwanza alizitazama kwa masikio.

Jioni ile, nyumbani, mama alimwita mwanangu akae karibu. Akaanza na barabara ya Vurra, usiku, bila taa. Alisema alinitia kitambaa mdomoni nisilie. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilikuwa sijui.

Wengi wetu tuliorudi tumejenga, tumefungua maduka, tumesomesha. Watoto wetu wanajua milio ya bunduki za Hollywood, lakini hawajui bibi zao walivuka wapi. Tunadhani kunyamaza ni kuwalinda.

Mama alirudi Arua kwa basi wiki iliyofuata, macho yakiwa nafuu. Mwanangu sasa ni kijana. Akimpigia bibi yake simu, baada ya salamu huuliza swali lile lile: “Bibi, tuliachia wapi?”