Kabla hujaenda pwani, uliza mwezi una siku ngapi

Mara ya kwanza kukwama baharini nilikuwa nimesimama pakavu kabisa.

Ilikuwa kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja, mbali kidogo na mahoteli. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeamka, tukakuta bahari imeondoka. Yaani mbele yetu mchanga, mashamba ya mwani, vidimbwi, na mbali kule mstari mweupe wa mawimbi yanayopasukia mwambani. Tukasema twende mpaka pale. Tukatembea kama dakika arobaini, maji yakitufika magotini sehemu za katikati, tukafika mwambani, tukaanza kupiga picha za viti vya pwani na vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu. Raha tupu.

Mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza akatupita na kijiti chake, kanga kaifunga kiunoni, anarudi nyumbani. Akasimama. "Wanangu, geukeni. Maji yashageuka."

Nikamjibu kwa adabu zote, "Asante mama, tunamalizia." Bahari ya mbele yetu ilikuwa vilevile, tulivu, mwamba mkavu. Akatutazama kidogo, akasema, "Usiangalie mbele. Angalia ulikotoka."

Nikageuka. Zile sehemu za magotini zilikuwa zimeungana na kuwa kitu kimoja cha buluu kati yetu na ufuo. Tulimfuata yeye, hatua kwa hatua, kwa njia anayoijua. Tulipofika katikati maji yalikuwa kifuani kwa mdogo wangu, ambaye hajui kuogelea hata kidogo. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kinachonikera ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshamaliza shahada ya kwanza ya fizikia. Swali la maji kujaa na kupwa nililipata vizuri tu kwenye mtihani. Nilichokuwa sijui ni kwamba siku ile ilikuwa bamvua na maji yangegeuka saa nne na nusu. Makala hii ni kwa ajili yako unayependa kwenda kule ambako hakuna boti la watalii la kukurudisha, wala mtu wa kupuliza filimbi: Kilwa, Songo Mnara, Pangani, Mafia, vijiji vya Pemba. Kule ratiba ya safari anaipanga mwezi, na bahati nzuri ratiba yake inasomeka.

Tuanze na kwa nini maji yanajaa mara mbili kwa siku, maana hapa ndipo wengi tulidanganywa shuleni. Tuliambiwa mwezi unavuta maji. Sawa, lakini kama ni hivyo tu, maji yangejaa upande mmoja, ule unaoutazama mwezi, mara moja kwa siku. Jambo lenyewe ni tofauti ya mvuto. Fikiria watu watatu wamefuatana wanavutwa kuelekea upande mmoja. Wa mbele anavutwa zaidi, wa katikati kiasi, wa nyuma kidogo. Hata kama wote wanakwenda upande uleule, nafasi kati yao inapanuka: wa mbele anamwacha wa katikati, na wa katikati anamwacha wa nyuma. Wa katikati ndiye dunia yenyewe, wa mbele ni maji ya upande wa mwezi, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Maji yanatuna pande zote mbili, na dunia inapojizungusha, sisi tunapita kwenye kila upande.

Wakati dunia inazunguka mara moja, mwezi nao umesogea kwenye njia yake, kwa hiyo tunahitaji kama dakika 50 za ziada kuukuta tena. Ndiyo maana maji ya leo yakipwa saa nne, kesho yatapwa karibu na saa tano kasoro dakika kumi. Toka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kidogo. Hiyo sita ishike, tutairudia.

Jua nalo linavuta. Ni kubwa mno kuliko mwezi, ila lipo mbali, na nguvu hii hupungua haraka sana kwa umbali, kiasi kwamba mchango wake haufiki hata nusu ya ule wa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa kwenye mstari mmoja, nguvu zinasaidiana: hiyo ndiyo bamvua. Maji yanapanda juu sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu, nguvu zinapingana, tunapata maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia 4. Maji mafu ni kama mita 1 tu. Ufuo uleule, siku saba tofauti, ni mahali pawili.

Sasa hapa kuna zawadi ya bure. Bamvua haiji siku ileile ya mwezi mpevu, huchelewa siku moja au mbili, kwa sababu maji ya bahari kuu yana uzito na hayaitiki papo hapo. Kalenda ya Kiislamu nayo huanza mwezi unapoonekana, yaani siku moja au mbili baada ya kuzaliwa kwake. Matokeo yake tarehe zinaangukia vizuri ajabu: bamvua ni kuanzia mwezi mosi mpaka mwezi nne hivi, na tena kumi na tano mpaka kumi na nane. Maji mafu ni karibu na nane hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na tano. Ndiyo maana mvuvi ukimuuliza "maji vipi kesho?" na yeye anakuuliza "leo mwezi ngapi?" Si kwamba amekwepa swali. Tayari anakokotoa.

Na bado kuna jingine. Kwa kuwa bamvua hutokea jua na mwezi vikiwa kwenye mpangilio uleule, saa zake pia ni zilezile mwaka mzima. Kwenye pwani ya Tanzania, siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu inageuka: asubuhi ya saa nne ndiyo maji yamejaa. Ukikumbuka hilo na ukaongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita, unaweza kukadiria maji ya siku yoyote ukiwa umekaa kwenye basi la Mbagala bila bando. Usitegemee makadirio hayo kuokoa roho, lakini yatakuonyesha haraka kama mtu anakudanganya.

Majedwali ya maji ya Dar es Salaam na Zanzibar yapo kwenye intaneti na kwenye programu za simu, yatumie. Ila angalia saa. Simu imeandika maji yanapwa 10:30. Nahodha amekwambia saa nne na nusu. Wote wako sawa, ni saa moja hiyohiyo. Lakini nimeona mgeni wa kutoka bara aliyezoea kusema "saa kumi" akimaanisha kumi ya kizungu, akapanga na nahodha wa Kilwa saa kumi, kila mmoja akaelewa lake. Tofauti ya saa zetu na za kizungu ni saa sita. Na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa ngapi? Sita na kidogo. Yaani ukikosea saa huchelewi kidogo, unafika maji yakiwa kinyume kabisa na ulivyopanga. Sijui makosa mengine ya lugha yenye adhabu iliyopimwa vizuri kiasi hicho. Sema "asubuhi" au "jioni" kila mara, na rudia.

Turudi kule mwambani, kwa nini nilidanganyika. Sababu ya kwanza ni mwendo wa maji. Hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia hugawa mpando mzima mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza unaona sentimita 30, unasema mbona taratibu. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90, yaani sentimita moja na nusu kila dakika. Ukichezea simu dakika ishirini, maji yamepanda toka kifundo cha mguu hadi karibu na goti. Anayesema "nitaondoka nikiona maji yanakuja" anapima kwa saa ya kwanza na kutembea kwenye saa ya pili na ya tatu.

Sababu ya pili ni umbo la mwamba. Ukingo wake wa nje ndio umeinuka. Nyuma yake, kuelekea ufuoni, pako chini. Maji yakianza kurudi hayaruki ule ukingo kwanza, yanaingia kupitia milango, zile nafasi zilizokatika mwambani ambazo wavuvi hupitisha ngalawa, yanajaza kule chini nyuma yako. Wewe uliye juu ya ukingo ndiye wa mwisho kulowa. Yule mama alijua hilo bila mlinganyo wowote, akaliweka kwenye sentensi moja. Kwa hiyo: mwambani nenda maji yakiwa bado yanapwa, uwe umeanza kurudi kabla ya saa ya kupwa yenyewe, na vaa raba au hata yeboyebo, usiende peku.

Kilwa sasa. Basi la Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru, hapo unachukua gari la kwenda Kilwa Masoko. Kibali cha kutembelea magofu unakipata Masoko kabla ya kuvuka. Kilwa Kisiwani ni karibu, unakuona ukiwa bandarini, na Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane, lipo juu ya jabali likitazama bahari. Ibn Battuta alipita Kilwa 1331, na mji wote uliishi kwa pepo: majahazi yakija na kaskazi, yakirudi na kusi. Hapo maji hayakusumbui sana, isipokuwa kama unataka kushukia mbele ya magofu bila kuvua viatu.

Songo Mnara ndiyo habari nyingine. Ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 1981 pamoja na Kilwa Kisiwani, wageni ni wachache mno, na nyumba zake za mawe bado zina milango na kuta unazoweza kuzisoma kama ramani ya mtaa. Lakini kisiwa kimezungukwa na mikoko na tope. Maji yakiwa yamejaa, chombo kinakusogeza. Yakipwa, unashuka mbali na kutembea kwenye tope, au mbaya zaidi, chombo chenyewe kinakaa. Mimi nilikaa. Nilimwambia nahodha "nusu saa tu zaidi" kwa ajili ya msikiti mmoja, na tukasubiri maji mpaka jua linazama, tukigawana muhogo wa kuchemsha wa huyo mzee. Hakunilaumu, aliweka tu nanga na kulala. Kwa Songo Mnara siku za maji mafu ni rafiki zaidi, maana bahari haikimbii mbali. Wenye kutaka mwamba wangoje bamvua.

Kisha kuna Maziwe, nje ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga pale kama desturi yao, na mayai yangekufa maji, kwa hiyo watu huyahamishia Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, yaanguliwe ufuoni. Ukienda, unapewa saa chache za kukanyaga nchi kavu ambayo jioni haitakuwepo. Hapo usimwambie nahodha nusu saa zaidi.

Na kuhusu nahodha. Usimuulize "tunaweza kwenda kesho?" Mgeni akiuliza hivyo, wengi watasema ndiyo, kwa ukarimu au kwa kuhitaji hela. Muulize "shikamoo mzee, kesho maji yanapwa saa ngapi, na wewe ungeondoka saa ngapi?" Halafu patana bei pamoja na kusubiri, ili asiwe na sababu ya kukimbiza wala wewe ya kuchelewesha. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, akikwambia bahari imechafuka, mnunulie chai, keti naye, panga siku nyingine.