Mpaka Juu ya Maji

Katika nchi kavu mpaka huonekana: pana mto, au mlima, au nguzo iliyojengwa. Lakini mtu asimamaye ufukoni pa Kamunyonge, katika mji wa Musoma, akilitazama Ziwa Victoria, huona maji matupu hata upeo wa macho. Walakini maji hayo yamegawanywa. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya kwamba mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta uwe mpaka wao ziwani. Mstari huo uko kaskazini ya Musoma, yapata kilomita 55, nao hata leo ndio mpaka wa Tanzania na Uganda katika maji. Kenya nayo ina fungu lake dogo upande wa mashariki.

Wagawanyaji wale hawakuwauliza wavuvi, wala samaki hawana habari ya mpaka. Kwa hiyo ugomvi ulitokea. Kiko kisiwa kiitwacho Migingo, mwamba usiotimia hata eka moja, lakini maji yanayouzunguka yana sangara wengi. Kenya na Uganda zote zilikidai, na mwaka 2009 maneno yakawa makali. Wavuvi ndio walioumia, maana wapiganapo tembo nyasi huumia.

Je, wanaoshindania mahali hawana njia ila kupigana? La, hasha. Tazama Antaktika, nchi ya barafu iliyo katika ncha ya kusini ya dunia. Mataifa saba hudai sehemu zake, na madai ya Uingereza, Argentina na Chile huingiliana. Tarehe 1 Desemba 1959 mataifa 12 yalitia sahihi mkataba mjini Washington. Hakuna aliyepewa ushindi, wala aliyenyang'anywa dai lake. Walipatana kwamba madai ya zamani yabaki yalivyo, mapya yasiongezwe, majeshi yasifanye mazoezi ya vita huko, na wataalamu wa mataifa yote wawe huru kufanya uchunguzi.

Nchi za ziwa letu nazo zilipata njia ya kushirikiana. Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, Uganda. Shirika hilo si baraza la kuamua mipaka, wala halikuukomesha ugomvi wa Migingo. Kazi yake ni kuzikutanisha nchi wanachama, ili wingi wa samaki upimwe kwa pamoja na sheria za uvuvi zipatane.

Kazi hiyo ina maana kubwa. Mpaka huonyesha nani atawale wapi, lakini hauwezi kulinda samaki. Mvuvi wa Musoma akitumia nyavu za matundu madogo, huwapunguzia chakula watu wa Kisumu na Jinja. Nao wakifanya vivyo hivyo, humpunguzia yeye. Maji yamegawanywa kwa mstari, bali riziki iliyomo ni moja.