Gemu Isiyokupa Silaha

Jirani yangu alinisimamisha juzi tukitoka swala ya Isha. "Hebu nieleze, ndugu yangu. Kijana wangu usiku yuko kwenye kompyuta, kazima taa, mara namsikia apiga ukelele. Acheza nini?"

Acheza Amnesia: The Dark Descent, gemu ya kampuni ya Frictional Games ya Uswidi, iliyotoka mwaka wa 2010. Nami nimeicheza.

Gemu nyingi za kutisha hukupa bunduki. Hii haikupi hata kisu. Wewe ni Daniel, Mwingereza anayezinduka ndani ya ngome ya Brennenburg, Prussia, mwaka wa 1839, bila kumbukumbu. Una kandili ya mafuta haba na viberiti vya kuokota. Dubwana likija ni kukimbia, kufunga mlango au kujibanza kabatini. Ukikaa gizani, akili ya Daniel yaanza kuruka na macho yaingia ukungu. Ukiwasha taa, dubwana lakuona. Kulitazama tu kwamzidishia wazimu. Kuna mahali pamejaa maji ambapo adui haonekani kabisa. Waona maji yakiruka, yakikujia. Hapo mimi nilizima kompyuta nikaenda kulala.

Hofu ya aina hii ilienezwa na H. P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1937. Kwake, binadamu ni kitu kidogo mno, ulimwengu una nguvu zisizomjali, na anayechimba sana siri zake hupotelewa na akili. Lakini bwana huyu alikuwa mbaguzi wa wazi. Katika hadithi zake, watu weusi na wageni mara nyingi ndio wafuasi wa madubwana. Vijana wetu hawaambiwi hilo.

Amnesia yaligeuza jambo hilo. Daniel alikwenda Algeria na wachimbaji wa mambo ya kale, akatoa tufe la ajabu kaburini. Tangu hapo Kivuli chamwandama. Ili ajiokoe akatesa watu wasio na hatia, kisha akanywa dawa ya kusahau. (Ambaye hajaimaliza aniwie radhi.) Kumbe mtu uliyekuwa ukimwonea huruma muda wote ndiye mtesaji.

"Basi si mashetani?" jirani akauliza.

Nikamwambia mna matambiko na mateso, ila ni ya hadithi, na kijana wake ana miaka 19. Wa kumwondoa hapo ni yule mdogo wa gredi ya tano anayechungulia nyuma ya kiti.