Njia ya Kukimbia Kimbunga na Haki ya Kuulizwa

Mnamo Septemba 2005, majuma machache baada ya kimbunga Katrina kuiangamiza New Orleans, wakaazi wa Houston na miji jirani ya pwani ya Texas, nchini Marekani, walitahadharishwa kwamba kimbunga Rita kinawajia. Wakatoka kwa pamoja, zaidi ya watu milioni 2. Barabara zikafungamana, magari yakaishiwa mafuta katikati ya jua kali. Wakongwe 23 waliokuwa wakihamishwa kutoka makao yao waliteketea basi lao liliposhika moto karibu na Dallas. Waliofariki Texas walizidi 100, na wengi wao hawakuuawa na upepo wala maji, bali na safari yenyewe.

Ndugu msomaji, ukiyakumbuka hayo utauliza: serikali ikitaka kujenga njia ya kuwaokoa watu, ya nini kukaa vikao na kuandika ripoti? Si ianze kuchimba kesho?

Sheria ya mazingira ya Marekani, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, haikukubali haraka hiyo. Mradi mkubwa wa serikali kuu hauna budi kutanguliwa na tathmini ya athari zake; njia mbadala zitajwe, ikiwemo ile ya kutojenga kabisa; na kwa miaka mingi kanuni zake zilitaka raia watoe maoni nayo yajibiwe kwa maandishi.

Tuangalie daraja la Currituck, katika jimbo la North Carolina. Mbele ya bara la huko umetanda mkanda mwembamba wa mchanga uitwao Outer Banks, uliojaa nyumba za wageni wa kiangazi. Sehemu yake ya kaskazini haina daraja lake. Anayetoka huko kwenda bara hushuka kusini kwanza, kisha huvuka. Wenye mradi wakapendekeza daraja la njia mbili, la kulipia, lenye urefu wa takriban maili 5 juu ya hori la Currituck, na miongoni mwa sababu zao ni kupunguza saa za kuwahamisha watu kimbunga kikija.

Rasimu ya tathmini ilitoka 2010, na hapo ndipo faida ya kuuliza ilipoonekana. Upande wa bara kuna kijiji cha Aydlett na kinamasi cha Maple. Chaguo moja lilikuwa kukifukia kinamasi kwa tuta la udongo na kuweka kituo cha malipo kijijini. La pili, kukivuka kwa daraja na kituo kukaa mbali, kwenye barabara kuu. Ripoti ya mwisho ya 2012 ilishika hilo la pili. Tena, badala ya kujenga njia ya ziada ya kutokea, iliamuliwa njia ya katikati ya barabara iliyopo igeuzwe ielekee bara wakati wa kuhama. Jambo dogo, lakini eneo kubwa la ardhi likasalimika.

Wapinzani hawakuridhika. Idhini ilipotolewa Machi 2019 walikwenda mahakamani, wakidai makisio ya magari yamepitwa na wakati na kwamba kupanda kwa kina cha bahari hakukuzingatiwa ipasavyo. Walishindwa 2021, wakashindwa tena kwenye rufaa 2023. Hata hivyo hoja yao moja naiona nzito: njia nyepesi ya kutoka ni njia nyepesi ya kuingia pia. Nyumba zikiongezeka mchangani, watakaohitaji kukimbia nao wataongezeka, na saa zilizookolewa zitaliwa.

Miaka yote hiyo ni mingi, nami siisifu. Lakini mtindo huo wa kutathmini kwanza ulienea duniani, ukafika kwetu Kenya kwa sheria ya mazingira ya 1999, ambayo kanuni zake za 2003 zinamtaka mwenye mradi kuitisha mikutano na watakaoathirika. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Walioshitaki walikuwa wenyeji wa Lamu wenyewe.