Kuhesabu Wageni wa Duka la Intaneti



Wengi mmetuuliza: duka la intaneti limefunguliwa, wanunuzi hawaonekani, kosa liko wapi? Twatoa mfano wa tangawizi ya Mamba Miamba, wilaya ya Same, katika milima ya Upare. Tuseme mkulima wa huko aiuza kavu kwa intaneti. Programu ya Google Analytics, iliyoanza mwaka 2005, ikiunganishwa na duka humhesabia wageni: wametoka wapi, wamefungua ukurasa gani, wameondokea wapi.

Tuseme kwa mwezi wamekuja wageni 400, wakanunua 8, yaani 2 katika kila 100. Akiona hivyo atapunguza bei, na hapo ndipo wengi huumia bure. Na atazame tena: 60 walitia tangawizi kikapuni, 52 wakaondoka walipofika kwenye gharama za posta. Basi bei haina kosa. Nauli ndiyo iliyowakimbiza. Afadhali auze vifurushi vikubwa, au aitaje nauli mapema.

Karafuu ina sheria zake. Lakini wenye mdalasini na pilipili manga yafaa waitazame hesabu hii kila mwezi. Wageni 10 wasikupe hukumu, ngoja wafike mia kadhaa. Na simu yako mwenyewe itoe hesabuni, usije ukajihesabu mgeni.