Mgonjwa Anayesahau Upande Mmoja

Wapenzi, pengine mmeliona jambo hili nyumbani mwenu. Baba amepatwa na ugonjwa wa kupooza. Anapewa ugali na sombe. Anakula vilivyo upande wa kuume wa sahani, vya kushoto anaviacha, kisha analalamika kwamba njaa ingali inamwuma. Mkewe akimsalimu kutoka kushoto, haitiki. Akinyoa ndevu, ananyoa shavu moja tu. Wengine wanasema, Ana kiburi. Wengine wanasema, Amelogwa. Sivyo, ndugu zangu.

Sababu ni nini? Mungu aliumba ubongo wetu wenye pande mbili. Upande wa kuume unatawala mkono na mguu wa kushoto. Mshipa wa damu ukizibika au kupasuka ndani ya ubongo, sehemu isiyopata damu inakufa. Mara nyingi chanzo chake ni presha ya damu iliyopanda. Upande wa kuume ukiumia, akili ya mgonjwa pengine haigeuki tena kushoto, hata kama macho yake ni mazima. Wengine wanakana mkono wao wenyewe, wakisema ni wa mtu mwingine. Naye hajui kwamba anakosa kitu. Kwa hiyo kumgombeza hakufai.

Mwambie achore uso wa saa. Pengine ataandika hesabu zote 12 upande wa kuume.

Tumsaidie namna gani?

1. Ukiwa na neno kubwa la kumwambia, simama kwanza kuume kwake. Kisha mzoeze kugeuka kushoto polepole, ukimwita kwa jina.

2. Wakati wa kula, mgeuzie sahani.

3. Linda mkono wake wa kushoto usiungue motoni. Usimwinue kwa kuuvuta, bega litaumia.

4. Asivuke barabara peke yake.

Wengi wanapata nafuu katika majuma na miezi ya kwanza.

Tena, mtu akipindika uso ghafula, mkono ukilegea, au maneno yakiharibika, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msimpe chakula, maji wala dawa, asije akapaliwa.

Watu 4 wa Kapernaumu walimchukua mwenye kupooza hata mbele ya Yesu (Marko 2). Nasi tusimwache wetu. Omba pamoja naye, ukiketi kushoto kwake, umeshika mkono ule anaousahau.