Safu Inapovunjika

Kila mwaka, majira ya kiangazi yanapowadia katika nchi ya Marekani, maelfu ya vijana huziaga aila zao, hupanda mabasi yaendayo usiku kucha kutoka mji hadi mji, hulala juu ya sakafu za kumbi za michezo za shule, na kutwa nzima, juani, hujifunza kutembea. Nasema kutembea, wala sikukosea neno, kwa kuwa katika sanaa ya vikosi vya ngoma na tarumbeta muziki ni nusu ya kazi tu, na nusu ya pili ni hatua: kila kijana anajua ni nukta gani ya uwanja atakayoikanyaga katika kila pigo la ngoma, na watu wapatao 150, wenye matarumbeta, ngoma, bendera, vitara na bunduki za mbao, huchora juu ya majani maumbo yafumanayo na kufumuka kwa muda wa dakika kumi na zaidi kidogo, mbele ya waamuzi wanaohesabu alama hadi sehemu ya elfu.

Mgeni aketiye hapo kwa mara ya kwanza aghalabu hustaajabu kuona jinsi habari za vita, na taswira za sinema za vita, zinavyorudi katika maonyesho hayo, akadhani kwamba watungaji wake ni watu wapendao damu. Sivyo. Katika riwaya au tamthilia vita ni maudhui ambayo mtunzi huyachagua miongoni mwa mengi. Katika sanaa hii vita ni lugha ya mama, na hata atakaye kusimulia habari za mapenzi, za bahari au za nyota, hana budi kuzisimulia kwa lugha hiyo hiyo.

Nasaba yake ni hii. Mwaka 1919, vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, askari wa Marekani waliunda jumuiya yao iitwayo American Legion, na matawi yake mijini yakaanzisha vikosi vya kupiga ngoma na tarumbeta, kwanza kwa ajili yao wenyewe, kisha kwa ajili ya watoto wao. Tarumbeta walilolijua ni lile la kambini, lisilo na vitufe, ambalo sauti zake ni chache kiasi kwamba haliwezi kusema mengi zaidi ya kuamsha, kuita, kushambulia na kuzika. Kwa hiyo muziki wa vikosi hivyo ulikuwa wa kijeshi si kwa hiari ya mtunzi bali kwa ufukara wa chombo. Ngoma nazo zilikuwa na fikihi yao: mwaka 1933 wapiga ngoma waliokutana Chicago walithibitisha mapigo 26 kuwa ndiyo msingi wa elimu yao, na mengi ya mapigo hayo yalikuwa yamerithiwa kutoka majeshini, ambako ngoma ilikuwa saa, amri na mwito. Zaidi ya hayo, kanuni za mashindano zilitaka bendera ya taifa itolewe kwa taadhima na kulindwa na wenye silaha, na vijana wakaguliwe kama askari wanavyokaguliwa. Viongozi wa vikosi walipochoka na amri hizo walijitenga na kuunda Drum Corps International mwaka 1971, na ubingwa wa kwanza wa chama hicho, uliopiganiwa mwaka 1972 huko Whitewater, katika jimbo la Wisconsin, ulichukuliwa na Anaheim Kingsmen. Baada ya hapo kanuni zililegea kidogo kidogo, vitufe vikaongezwa, na tangu mwaka 2000 matarumbeta ya kila sauti yakaruhusiwa. Lakini bunduki za mbao hazikuachwa. Mpaka leo hurushwa angani, zikazunguka, zikadakwa.

Msomaji wa pwani yetu hatalishangaa jambo hili, kwa sababu babu zake walilifanya. Beni, ngoma iliyozaliwa mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kuenea hadi bara, ilichukua gwaride la wakoloni, sare zao na vyeo vyao, ikawapa vijana wa mitaa. Na vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilikuwa na wakubwa wao, waliosimama mbele ya safu zao wakiwa wamejipamba kama maofisa. Hata hivyo, tofauti iliyopo ni kubwa: vijana wa beni waliazima gwaride la mtawala wao, wakalitia mashindano na utani, ilhali vijana wa Marekani walirithi gwaride la baba zao, na mrithi huona taabu zaidi kuliko mwazimaji kuugeuza urithi wake.

Taabu hiyo inaonekana wazi kwa Troopers wa mji wa Casper, Wyoming. Kikosi hiki kiliundwa mwaka 1957, na mwanzilishi wake alikivisha sare ya buluu ya askari farasi wa karne ya kumi na tisa, kwa kufuata mfano wa kikosi cha 11 cha wapanda farasi wa Ohio, kile kile alichotumikia luteni Caspar Collins, aliyeuawa mwezi Julai 1865 katika vita na Walakota na Wacheyenne, na ambaye mji huo umebeba jina lake. Umbo lao mashuhuri, ambamo safu huzunguka na kuchanua kama miale ya jua, ni miongoni mwa vitu vizuri vilivyowahi kuchorwa kwa miguu ya watu. Nami nalipenda umbo hilo; hata hivyo siwezi kusahau kwamba buluu ile, ambayo kwa watoto wa walowezi ni rangi ya mwokozi, kwa wajukuu wa Walakota ni rangi ya yule aliyekuja kuwanyang'anya ardhi.

Wengine walichagua kuvileta vita kwa sauti. Mwaka 1991, tamthilia ya muziki ya Miss Saigon ilipokuwa ndiyo kwanza imefika New York, Santa Clara Vanguard wa California waliipeleka uwanjani, wakawakumbusha watazamaji vita vya Vietnam, ambavyo baadhi yao walikuwa wamevipigana au kuwazika jamaa zao kwa sababu yake. Na mwaka uliofuata kikosi kingine, Cadets, kilipiga muziki wa David Holsinger uliotungwa kuwakumbuka marubani waliopigana katika anga la Uingereza mwaka 1940. Ufundi wa kuviiga vita kwa ngoma unastahili kuelezwa. Ngoma kubwa za kikosi hutofautiana ukubwa, na kila moja ina mpigaji wake. Mtunzi huligawa pigo moja refu miongoni mwao, huyu akipiga chembe moja na yule ya pili, hata sikio likasikia kitu kikipita kutoka upande hadi upande, kama kwato, au kama mzinga unaojibiwa na bonde. Mpiga ngoma ndogo naye, akiugonga ukingo na ngozi kwa wakati mmoja, hutoa mlio mkali kama wa risasi.

Lakini sauti ya risasi ni jambo jepesi. Jambo zito ni hili: safu iliyonyooka humsifu aliyeinyoosha, na kila onyesho la vita, hata likusudiwe kuwa maombolezo, huelekea kuwa sifa kwa sababu ya uzuri wa safu zake. Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walilikabili jambo hili mwaka 2008 katika onyesho lao la Spartacus. Muziki wa Khachaturian, aliyeutunga kwa ajili ya dansi ya jukwaani iliyoonyeshwa Leningrad mwaka 1956, walikuwa wameshaupiga miaka ya 1981 na 1982. Safari hii waliongeza kumbukumbu ya sinema ya Stanley Kubrick ya mwaka 1960, ambamo Warumi huwaahidi watumwa waliotekwa kwamba wataepushwa na msalaba iwapo watamtaja kiongozi wao, Spartacus, na watumwa husimama mmoja baada ya mwingine, kila mtu akijitaja kuwa yeye ndiye. Mwandishi wa sinema hiyo, Dalton Trumbo, mwenyewe alifungwa kwa kukataa kuhojiwa juu ya itikadi yake mbele ya kamati ya bunge la Marekani. Alijua aliandika nini.

Uwanjani, vijana wale waliofunzwa miezi mizima wasitoke mstarini hata kwa unyayo, waliinua sauti zao wenyewe, huyu hapa, yule kule, kila mmoja akijitwalia jina la mtumwa yule. Katika sanaa ambayo sifa ya mtu ni kutoonekana ndani ya safu, kijana kuitoa sauti yake peke yake ni uasi ulio kamili kuliko mkuki wowote wa kuigiza. Vijana hao hawakuzidi miaka 22, rika lile lile ambalo serikali huliandikisha jeshini. Usiku wa fainali, huko Bloomington, Indiana, walipewa alama 98.125, na Blue Devils, waliowafuatia, 98.100, na kwa wale ambao umri wao ulikuwa umetimia, huo ulikuwa mwendo wao wa mwisho, wakaondoka uwanjani na bunduki zao za mbao zikabaki kwa wadogo zao.